Peugeot ya Marehemu Baba, Chini ya Mwembe wa Kosele

Nyumba nyingi za watu wetu, ziwe za mwambao au za bara, huwa na gari moja lisilokwenda. Aghalabu limewekwa nyuma ya banda la kuku au chini ya mti, magurudumu yamezama ardhini, na watoto wameligeuza basi la mchezo. Mwenyewe alikwisha kufa au amezeeka, na katika waliobaki hakuna anayethubutu kuliuza wala anayejua pa kuanzia kulitengeneza. Twajua kwamba wasomaji wa jarida hili wanayo magari ya namna hiyo, kwa sababu kila tulipotaja habari ya gari letu katika arusi au matanga ya jamaa, hapakukosa mtu wa kusema, "Hata sisi tunalo." Kwa ajili yao tumeombwa tueleze tuliyoyafanya nyumbani kwetu Kosele kwa Peugeot 404 aliyoiacha marehemu baba.

Kosele ni mji mdogo katika kaunti ya Homa Bay, jirani na Oyugis, na jina lake huenda likawa geni kwa msomaji wa Mombasa au Lamu. Baba alikuwa mzaliwa wa huko. Alifanya kazi bandarini Kilindini kwa miaka mingi, akasilimu, akaoa Mombasa, na alipostaafu akarejea kwao na mke, watoto, masanduku na hilo gari. Mama yetu ni mtu wa Mji wa Kale, na mpaka leo huzungumza Kijaluo kwa lafudhi inayowachekesha majirani. Baba alipopoteza nguvu za macho gari liliwekwa chini ya mwembe, likakaa hapo miaka 18. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma, panya wakala nyaya, na nyigu wakajenga vijumba vya udongo katika kila tundu walilolipata.

Baba alipofariki dunia, wanunuzi wa chuma chakavu walianza kubisha hodi. Biashara yao ilikuwa imepigwa marufuku na serikali Januari 2022, baada ya vyuma vya njia za umeme kuibwa, ikaruhusiwa tena mwezi wa Mei mwaka huohuo, nao walirudi barabarani kwa ari ya watu waliokosa chakula. Bei waliyotaja kwa gari zima haikufikia bei ya fahali mmoja. Walakini ilikuwa fedha taslimu, na kaka yetu mkubwa alikuwa na binti anayehitaji karo. Alitaka liuzwe. Hakuwa na ubaya wowote katika hilo, na twapenda msomaji alielewe jambo hili tangu mwanzo. Dada yetu alikataa. Mama aliyasikiliza maneno yetu jioni mbili, kisha akasema, "Wanangu, gari hili ndilo lililonileta hapa na masanduku yangu. Likiondoka, liondoke kwa magurudumu yake."

Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa ya spana. Gari la marehemu ni sehemu ya tirka, kama shamba na kama ng'ombe. Baada ya madeni na wasia, kila mrithi ana fungu lake ndani yake, na mjane mwenye watoto ana thumni. Asiyekuwa mwenye mali peke yake hana haki ya kulifungua gari na kulitapanya uani kwa hoja kwamba anafanya hisani. Twasisitiza hili kwa sababu tumeona ndugu wakikosana juu ya injini iliyofunguliwa na mmoja wao kisha ikaachwa ndani ya ndoo kwa miaka. Sisi tuliketi na mzee mmoja anayezijua hesabu hizo, tukalithamini gari kwa bei ya chuma jinsi lilivyokuwa siku ile, na tuliosalia tukamlipa kaka fungu lake akatoka kwa ridhaa yake, kwa maandishi na mashahidi. Kisha tukaandika pia kwamba fedha zitakazotumika katika matengenezo zitaandikwa kwenye daftari moja, jina la mtoaji likiwa mbele ya kila kiasi, na kwamba zikifikia bei ya ng'ombe wawili wa maziwa tutasimama na kuulizana upya. Logibuku ilikuwa bado kwa jina la baba. Mamlaka ya usafiri, NTSA, haibadilishi jina la marehemu bila hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, na kwetu sisi njia hiyo hupitia kwa Kadhi. Anayengoja gari litengenezwe ndipo aanze kutafuta hati atakuja kuwa na gari zima lisiloruhusiwa kutoka langoni.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tulijisumbua. Tutajibu kwa kueleza gari lenyewe. Kiwanda cha Peugeot nchini Ufaransa kiliitoa 404 mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na wachoraji wa Pininfarina wa Italia. Injini yake ya petroli ina ujazo wa sentimita za ujazo 1618, nayo imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Gia hubadilishwa kwa mkono ulio kwenye usukani. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, gari hili lilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mwaka wa kwanza na wa mwisho katika hiyo, na katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili yalikuwa magari 7 tu yaliyofika mwisho. Miwili ya katikati ilikuwa ya Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Matope yaliyowashinda wengine ndiyo matope yetu. Baadaye 404 za milango ya nyuma mirefu, na 504 zilizozifuata tangu 1968, zikawa matatu za masafa marefu. Watu wa umri wetu waliosafiri kutoka Nyanza hadi Nairobi wamebanwa humo, na hawajasahau magoti ya jirani.

Na wale wasemao kwamba gari lililokwisha tumika haliwezi kupata heshima tena, tunawakumbusha habari za Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambako si mbali na kwetu, fundi wa magari na mwana wa fundi. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwao. Waliokuwa na magari mapya ya viwanda walibaki nyuma.

Sasa tuje kwenye kazi. Wengi huanza na injini, kwa kuwa ndiyo inayotoa sauti. Sisi tulianza na bati, kwa kuwa 404 haina fremu ya chuma chini yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Injini mbovu hubadilishwa, lakini gari ambalo vizingiti vya chini ya milango vimeliwa na kutu hujikunja katikati kama mkate uliolowa. Tulichukua sumaku, tukaifunga kwa kitambaa chepesi isikwaruze, tukaipitisha juu ya kila sehemu ya chini. Penye chuma ilishika. Penye fila, ile lipu ya kuzibia mabonde ya bati, ilianguka. Kwenye kizingiti cha kushoto ilianguka mfululizo kwa urefu wa mkono mzima. Tulipochimba kwa bisibisi tulikuta fila nene kama kidole gumba, na chini yake gazeti lililokunjwa, kazi ya gereji moja ya zamani ambayo baba aliilipa fedha kamili. Gazeti lilikuwa kavu na lilisomeka vizuri kuliko lilivyostahili.

Kutu ile haikuzaliwa Kosele. Maji ya ziwa letu ni matamu, na mvua ya huku, ingawa ni nyingi, haina chumvi. Chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewa na kuusaidia umeme mdogo unaokula chuma upite kwa wepesi. Gari lililolala karibu na Kilindini kwa miaka huenda na mbegu za kutu ndani ya mikunjo yake popote liendapo. Wasomaji wa pwani, kwa hiyo, wachunguze zaidi kuliko sisi: chini ya mazulia, ndani ya visima vya taa, penye vishikio vya springi za mbele, na kwenye sakafu ya buti.

Fundi wa kuchomelea tulimpata Oyugis, kijana wa jua kali mwenye mkono mtulivu, naye alikubali kuja nyumbani na mashine yake. Kabla hajawasha cheche tuling'oa tangi la petroli tukaliweka mbali kabisa, maana tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Tukafungua betri, tukatoa viti na mazulia, tukaweka ndoo ya mchanga na madebe ya maji. Gari lilisimamishwa juu ya stendi za chuma. Mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala na mawe au matofali, hata kwa dakika moja ya kuokota nati. Tulipima pia mishazari ya milango kwa utepe kabla ya kukata, na milango ikafungwa wakati wa kukata, ili bodi isilegee na kuhama mahali pake. Fundi alikata kutu mpaka akafikia chuma kinachong'aa, akatengeneza kizingiti kipya kwa bati la unene uleule, akakichomelea kwa vipande vifupi vifupi, huku na kule, ili joto lisilipinde. Ilimchukua siku nne. Bati lililokatwa lilitosha kujaza karai.

Kuna jambo moja ambalo hatukutaka litokee nyumbani kwetu, nalo ni vumbi. Rangi za magari za miaka hiyo mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake huingia mwilini kwa pumzi na kwa mkono upelekwao kinywani. Mtoto mdogo hudhurika nalo zaidi kuliko mtu mzima, katika akili na katika ukuaji wake, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kwa hiyo hatukupiga msasa mkavu hata mara moja. Tulilowesha maji, tukasugua, tukakusanya matope ya rangi juu ya turubai, tukayafunga ndani ya mifuko. Kazi ilifanywa upande wa pili wa boma, mbali na kisima na jiko, na nguo zetu za kazi hazikufuliwa pamoja na za watoto. Wajukuu wa mama walipigwa marufuku kulikaribia gari lao la mchezo, wakalia siku mbili.

Kwa vyuma vidogo vyenye kutu tulitumia njia ya umeme ambayo yeyote mwenye chaja ya betri anaweza kuifanya. Chukua ndoo ya plastiki, jaza maji, tia magadi kiasi cha kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4. Kipande chenye kutu kifungwe kwenye waya hasi wa chaja na kitumbukizwe. Kwenye waya chanya fungia chuma cha kawaida kisicho na thamani, navyo visigusane. Kutu hulegea ikatoka kwa brashi baada ya saa kadhaa, na chuma kizima hakiliwi. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, kwani hutoa sumu majini. Na fanya kazi hiyo nje, maana ndoo hutoa hewa inayoshika moto. Ama vipande vya shaba vya kabureta, mama alivichukua akavisugua kwa ukwaju, kama masinia ya kwao yalivyokuwa yakisuguliwa, vikarudi vyekundu na safi kuliko tulivyoweza sisi kwa dawa za dukani.

Injini ilikuwa imeshikamana. Maji yalikuwa yamepenya, na pistoni zilikataa hata kutikisika. Hapa watu wengi hufunga betri mpya na kulazimisha stata, wakavunja kilichokuwa kizima. Tulifungua plagi zote nne, tukamimina ndani ya kila silinda mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, tukaacha. Kila asubuhi tulitia spana ndefu kwenye nati ya mbele ya shafti na kuisukuma kwa upole, mbele na nyuma. Siku ya tisa ilisogea kwa upana wa ukucha. Tulimwita mama atazame, naye akauliza kama hayo ndiyo yote tuliyomwitia.

Ndipo tukafungua, na hapa ndipo tulipoelewa gari hili ni la namna gani. Katika injini nyingi mashimo ya pistoni yamechongwa ndani ya chuma kikubwa cha injini, na yakichakaa sharti yapelekwe kwenye mashine yakachongwe upya. Katika 404, kila pistoni hutembea ndani ya mwanzi wa chuma uliopachikwa tu, ambao mafundi huuita laina, na maji ya kupoza huugusa kwa nje. Laina hutolewa kwa mkono na kigogo cha mti. Unanunua laina 4 na pistoni zake 4 kama seti, unabadilisha mipira na bangili za chini zinazozuia maji, na injini ambayo imetembea umri wa mtu inakuwa na mashimo mapya, bila kuondoka uani. Waliochora injini hii walikwisha kufikiria siku itakapochakaa. Hatujaona fikra hiyo katika magari mengi yanayouzwa leo, ambayo kifuniko chake cha plastiki huandikwa onyo kabla hujaona nati ya kwanza.

Kuna tahadhari mbili zinazofuatana na uzuri huo. Ya kwanza: hedi ikishatolewa, shafti isizungushwe mpaka laina zimebanwa kwa vishikizo, la sivyo pistoni huzinyanyua, muhuri wa chini huachia, na maji huingia kwenye mafuta ya injini. Ya pili: hedi ni ya alumini na mwili wa injini ni wa chuma, na maji matupu ya mtoni yaliyotiwa kwenye rejeta kwa miaka hula alumini polepole. Njia za maji za injini yetu zilikuwa zimejaa tope jekundu, hata kijiko cha chai kilisimama ndani yake. Tulilichota, tukasafisha rejeta, na hedi ikapelekwa Kisumu kusawazishwa kwa mashine, kwa kuwa hiyo si kazi ya nyumbani. Tangu siku hiyo ni kipozeo cha dukani tu kinachotiwa. Wazee waliotuuliza kuhusu petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee inayouzwa Afrika kusini mwa Sahara tangu mwanzo wa 2006, tuliwajibu kwamba hedi ya alumini ina viti vya vali vya chuma vilivyopachikwa, na hatukuona sababu ya hofu.

Seti ya laina ilipatikana Kirinyaga Road, Nairobi, baada ya maduka mengi kutucheka. Muuzaji aliipangusa vumbi kwa shati lake. Vipande vingine vilitoka katika soko la Kibuye, Kisumu, siku za Jumapili, ambako mtu akiwa na subira ya kuinama juu ya marundo huona ajabu. Magari ya zaidi ya miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa Kenya, kwa hiyo 404 haiji tena melini, na kila moja inayopelekwa kwa mizani ya chuma chakavu huondoka na kioo, taa na kitasa ambacho mwenzake anakihitaji. Tunawaomba wasomaji wenye gari wasilolitaka walau wavunje vitu vidogo na kuvihifadhi.

Jamaa mmoja alitushauri tung'oe injini nzima na kutia ya Toyota. Ushauri huo si wa kipumbavu. Wacuba, tangu Marekani ilipowafungia biashara katika miaka ya 1960, wametia injini za dizeli za kila namna ndani ya magari yao ya Kimarekani, nayo yangali yanabeba abiria. Mtu anayetafuta riziki kwa gari asione haya kufanya hivyo. Sisi hatukutafuta riziki kwa gari hili, na seti ya laina ilikuwa rahisi kuliko injini nyingine na kazi ya kuiingiza.

Breki zilitutia hofu kuliko vyote. Gari la miaka hiyo aghalabu lina mzunguko mmoja wa mafuta ya breki: mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Mafuta ya breki hunywa maji ya hewani, na mipira ya zamani huvimba kwa ndani hata kama kwa nje inaonekana mizima. Hatukuhifadhi chochote hapo. Masta silinda, silinda za magurudumu, mipira na mirija yote ilibadilishwa, na dada yetu ndiye aliyekanyaga pedali siku mbili za kutoa hewa. Tulipofungua madrumu tuliyalowesha kwanza kwa maji ya sabuni, tukayapangusa kwa matambara yaliyotupwa baadaye, kwa sababu bitana za breki za wakati ule zilitengenezwa kwa asbesto. Kupuliza vumbi lile kwa kompresa, au kwa kinywa kama tuonavyo gereji nyingi, ni kujipeleka kwenye maradhi ya mapafu ambayo hungoja miaka 20 au 30 kabla ya kujitokeza.

Matairi ni ya inchi 15 na upana wa 165, sawa na ya Volkswagen ya mgongo wa kobe, na hilo liliturahisishia. Msomaji akinunua, atazame ubavuni zile tarakimu 4 za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Tairi lililokaa dukani miaka 10 halina upya wowote.

Juu ya nyaya, tangi na mirija ya petroli hatutasema mengi. Panya walifanya kazi yao, nasi tukafanya yetu, waya mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiwa na karatasi yenye namba. Nyigu walitupotezea wiki nzima, kwa kuwa udongo wao ulikuwa umeziba mrija wa petroli mahali pasipoonekana.

Rangi ilikuja mwisho, na hapa tulitofautiana. Mmoja wetu alitaka gari ling'ae kama yale yanayopangwa uwanjani Nairobi katika maonyesho ya Concours d'Elegance. Mama alikataa. Kwenye mlango wa kulia kuna mkwaruzo mrefu ambao baba aliupata kivukoni Likoni, naye alikuwa akiusimulia kila mgeni alipofika, kila mara kwa namna nyingine. Tulipaka rangi penye chuma kipya na penye kutu tu, tukang'arisha iliyobaki, na mkwaruzo ukafunikwa kwa rangi safi isiyoonekana ili usiote kutu. Bibi harusi hatokei hivyo, lakini gari limebaki lake. Viti vilishonwa Kosele sokoni na fundi wa makochi, kwa kitambaa cha rangi ya kahawia.

Liliwaka adhuhuri ya siku ya Alhamisi, kwa moshi mwingi, likazima, likawaka tena. Wiki mbili tulilizungusha ndani ya boma tu, tukijaribu breki. Likapata bima, likapelekwa kukaguliwa, likarudishwa kwa sababu ya taa moja ya nyuma, likapelekwa tena. Namba yake ni ya kale, isiyo na ile herufi ya mwisho iliyoletwa na mfumo wa 1989, na mkaguzi aliita wenzake waje kuiona. Mama aliketi mbele tukaenda naye Oyugis na kurudi, mwendo wa polepole, amefunga mtandio kwa mikono miwili kwa sababu ya upepo. Njiani alitulaumu mara mbili kwa kubadilisha gia vibaya.

Baada ya hapo ndipo lilipozuka jambo tusilolitarajia. Mtu mmoja kutoka Nairobi, anayekusanya magari ya Safari, alipata habari, akafika, akazunguka gari mara tatu, akataja bei mara nyingi zaidi ya ile ya chuma. Hatukuuza. Lakini usiku ule tulikaa kimya mezani, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akimfikiria kaka mkubwa, aliyetoka kwa fungu la bei ya chuma na karo ya binti yake bado haijaisha. Kisheria hatudai kitu, maana bei ilikuwa ya haki siku ile, na aliridhia, na nguvu na fedha zilizoliinua gari ni zetu. Alipoambiwa alisema hivyohivyo yeye mwenyewe, akacheka. Dada yetu hakucheka. Ametoa rai kwamba, gari likiuzwa siku moja, tulipe kwanza daftari la matengenezo, kisha tumpe kaka hiba katika kile kitakachozidi, kila mmoja kutoka fungu lake. Wawili tumekubali. Mmoja wetu ameomba muda, na hatumlazimishi, kwa kuwa hiba isiyotoka moyoni ni kodi.

Hati ya mahakama ingali njiani. Gari limerudi chini ya mwembe, safari hii juu ya sakafu ya zege na chini ya paa la mabati, na kila Ijumaa huwashwa na kupelekwa mpaka lami na kurudi ili breki zisikamate. Tunalolitafuta sasa ni kioo cha taa ya nyuma ya kushoto, kile cha asili, kwa kuwa kilichopo ni cha pikipiki kilichokatwa kwa msumeno. Msomaji aliye nacho, hata kikiwa na ufa, atujulishe kupitia jarida hili.